Matone Chini ya Kigoda

Fundi wa baiskeli alikuwa na sikio la ajabu. Ukimletea tyubu yenye pancha, aliijaza upepo, akafumba macho, akaipitisha polepole karibu na sikio lake. Mahali penye tundu palimnong'oneza: fsss. Basi hapo alitia alama kwa mate, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka. Beseni la maji alikuwa nalo, lakini alilitumia kwa wateja wabishi tu, wale wasioamini mpaka waone mapovu. Watu walimwita Fundi Sikio.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambaye naye alikuwa fundi wa baiskeli. Karibu kila kitu mle ndani kilikuwa cha marehemu. Pampu ilikuwa yake, koleo lilikuwa lake, na kigoda cha kukalia kilikuwa chake. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ulining'inia mkanda mpana wa mpira. Ulikatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu na kushonwa vizuri kwa uzi mnene. Hakuna aliyejua ulikuwa wa kufungia nini. Marehemu aliutunza, basi na mwanawe akautunza.

Nyumbani waliishi wanne: fundi, mkewe, binti yao mdogo aliyekuwa shule ya msingi, na mama yake fundi, ambaye wote walimwita Bibi. Walikuwa watu wa maneno mengi na vicheko. Hata ugomvi wao jirani aliusikia akacheka. Hivyo ndivyo walivyokuwa kabla ya matone.

Tone la kwanza alilikuta mke asubuhi moja alipokuwa akifagia karakana. Lilikuwa juu ya kigoda, dogo, la mviringo, jeusi kidogo. Alidhani ni rangi. Alipolifuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikawa chekundu.

"Nani amejikata?" aliuliza.

Binti akanyoosha vidole vyote. Bibi akainua miguu yake mmoja mmoja akaionesha. Fundi alikuwa ameinama juu ya gurudumu. Hakugeuka.

"Labda panya," alisema.

"Panya gani huyo anayeketi kwenye kigoda?"

Binti alicheka. Fundi hakucheka.

Baadaye kidogo tone likaonekana kwenye kizingiti cha mlango. Kisha jingine kwenye benchi la jikoni. Kisha mawili, moja kando ya jingine, kwenye kiti kizuri cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma. Mke alitazama dari, akidhani pengine kuna mnyama amefia juu. Dari ilikuwa kavu. Akakagua kuku, akakagua visu, akamvua binti viatu. Hakuna mwenye kidonda.

Siku moja akatandika kitambaa cheupe kwenye benchi la jikoni ili aone mwenyewe. Akasimama akakitazama. Kikabaki cheupe. Fundi aliingia kunywa maji, akaketi hapo kidogo, akaondoka. Mke alienda kuepua sufuria motoni. Aliporudi, tone lilikuwapo katikati ya kitambaa, bichi, linang'aa. Alitoka nje akasimama juani ingawa jua lilikuwa kali.

Jioni alimwambia mumewe, "Baba watoto, nimejua kitu kimoja. Matone hayaji kwangu. Hayaji kwa mtoto wala kwa mama. Yanakuja pale ulipoketi wewe, ukishaondoka. Kitu hiki kinakufuata wewe."

Fundi alikuwa anakula. Akalirudisha tonge sahanini.

"Maneno gani hayo?"

"Kinakufuata. Na mimi siwezi kuishi katika nyumba inayotoka damu. Nitatafuta chumba kwingine. Tutahama wote."

"Hii ni karakana ya baba yangu!"

"Karakana tutafungua popote. Roho haina duka."

Binti alikuwa anasikiliza. Akauliza polepole, "Baba, nyumba ikiumwa hutoka damu?"

Mama yake akamwambia amalize chakula. Tangu siku hiyo mtoto hakuingia tena karakana peke yake.

Mke aliona na mengine. Mumewe alianza kufua suruali zake mwenyewe. Mwanamume ambaye tangu waoane hakuwahi kufua hata leso, sasa anafua, tena anaanika ndani, gizani, nyuma ya tyubu! Mashoga zake walimtania: "Mwenzetu umepata mume wa kisasa." Alicheka nao, lakini moyoni aliogopa. Usiku mumewe alimpa mgongo. Akimgusa kiunoni, anaruka. Mke akawaza mambo mawili: ama ana mwanamke mwingine, ama kile kitu kinachomfuata kimeshamwingia. Hakujua lipi ni baya zaidi.

Sasa wewe msomaji nikuambie jambo ambalo mke hakulijua.

Fundi alikuwa na uvimbe katika mfuko wa korodani, upande wa kushoto. Hakuwa na jina la kuuita. Katika mawazo yake aliuita "kile". Kile kilikuwa laini, na kwa chini ya ngozi kilionekana cha buluu, kama uzi uliojisokota. Juu ya ngozi palikuwa na vidoa vidogo vyekundu vya kuelekea weusi. Vidoa hivyo vikisuguliwa vilitoa damu. Alikuwa nacho tangu ujanani, kidogo, hakimuumi. Mwaka huu kilikuwa kimekua.

Kilichomtisha si ukubwa. Kilichomtisha ni tabia zake. Asubuhi, akiwa bado amelala, kile kilikuwa kama hakipo. Mchana, baada ya kuchuchumaa na kupampu magurudumu, kilikuwa kimejaa. Akikibonyeza kwa kidole, kilizama. Akiondoa kidole, kilirudi, polepole, kama kitu kinachovuta pumzi. Alikuwa anaishi na kitu kinachokuja na kuondoka kwa saa zake, na hakuweza kumwambia mtu.

Tena huyu alikuwa fundi wa baiskeli. Kwake yeye, kitu kinachojaa na kupungua kina jambo moja tu ndani yake, nalo ni upepo. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mimi au wewe tusingelifanya.

Mchana mmoja alifunga mlango wa karakana kwa komeo. Akajaza beseni maji. Akavua, akaketi ndani ya beseni lile lile analopimia tyubu za watu, akakitazama kile majini, akingoja mapovu.

Hakuna povu lililotoka. Ulitoka uzi mwekundu. Ulipanda taratibu majini, ukajikunja, ukatanda, bila sauti yoyote. Fundi aliutazama mpaka maji yote yakawa na rangi. Kisha akayamwaga nyuma ya nyumba akarudi kazini.

Kama si upepo unaovuja, aliwaza, basi ni upepo uliofungwa ndani. Ubanwe utatulia. Akatazama nyuma ya mlango. Akauchukua ule mkanda wa marehemu, akaupitisha kiunoni na chini, akaufunga. Ulimkaa sawasawa, kama uliokatwa kwa kipimo chake. Alisimama pale kidogo akiwaza kwa nini umemkaa hivyo. Kisha akaamua kutowaza.

Mkanda haukusaidia. Mpira ulisugua ngozi, vidoa vikachubuka, na matone yakazidi. Halafu ikaja sauti. Akiwa peke yake karakana, pampu imetulia, alisikia: fsss. Akakagua tyubu zote ukutani, moja moja. Zote nzima. Akaketi. Fsss. Sauti ilitoka chini yake.

Hapo akakata shauri. Atakitoboa. Upepo utoke, matone yaishe, mke aache habari za kuhama. Alichukua spoki moja ya gurudumu akaanza kuichonga kwenye jiwe la kunolea. Kila jioni aliichonga kidogo.

Mke alipata chumba. Alasiri moja ya mawingu alimchukua binti wakaenda kukiona. Bibi alikuwa amelala chumba cha nyuma. Fundi alifunga madirisha ya karakana, akawasha mshumaa, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuichoma spoki kwenye moto. Mvua ilianza kunyesha. Bati lilipiga kelele hata ikawa vigumu kumsikia mtu akiita.

"Hodi! Fundi! Hodi hodi!"

Fundi akaukinga mshumaa kwa kiganja.

"Fundi Sikio, leo sikio limeziba? Nimelowa mpaka mifupa!"

Mlango ulisukumwa. Komeo lilikuwa bovu tangu zamani, na fundi ni wa kutengeneza vya watu tu, vyake vinangoja. Aliyeingia alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa, mwanamume wa makamo, mrefu, mtani wa kila mtu. Alikuwa akitembelea wagonjwa majumbani kwa baiskeli, kwa hiyo pancha zilikuwa sehemu ya kazi yake. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akajipangusa uso, akatazama huku na huku.

"Madirisha umefunga. Mshumaa mchana. Fundi, unataka kunitisha?"

"Kuna mvua."

"Hilo nalijua, nimekuja nayo. Na hiyo spoki unaichomea nini?"

"Ya kutobolea mpira."

"Wewe kazi yako ni kuziba. Leo unatoboa?"

Fundi akaiweka spoki kando. Mvua ilipungua kwa muda mfupi, kama inavyofanya wakati mwingine kabla ya kuzidi. Katika ule ukimya, kitu kikadondoka juu ya sakafu. Tii. Fundi mwenye sikio alikisikia. Muuguzi naye akakisikia. Wote wawili wakatazama chini ya kigoda.

Muuguzi alikwenda akaurudishia mlango. Aliporudi, utani ulikuwa umemtoka.

"Ndugu yangu, damu hiyo inatoka wapi?"

"Nyumba hii ina kitu," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Hata mke wangu anajua."

"Nyumba haina damu. Mtu ndiye mwenye damu. Inatoka wapi?"

Fundi alitazama spoki, akatazama mlango. Kisha machozi yakamtoka, mtu mzima, fundi wa mtaa mzima. Akasema yote: kile, beseni, mkanda, sauti, na spoki. Kila alipofika mahali pa kutaja sehemu yenyewe, alisema "huku", akionesha chini kwa kidevu.

"Mfuko wa korodani," alisema muuguzi. "Ndilo jina lake. Hata mimi ninao. Hata mkuu wa nchi anao. Haya, zima huo mshumaa, tupa hiyo spoki, nikutazame."

"Wewe ni mteja wangu!"

"Leo wewe ndiye mteja wangu. Lala hapo."

Muuguzi alinawa mikono kwa sabuni kwenye maji ya mvua, akavaa glavu kutoka mkobani. Fundi akalala kwenye mkeka. Mkanda ulifunguliwa. Sehemu yake ya chini ilikuwa imelowa damu, na ngozi ilikuwa na michubuko.

"Kohoa," alisema muuguzi. Fundi akakohoa. "Hakuna kinachonisukuma kidoleni. Kwa hiyo haielekei kuwa ngiri." Alibonyeza polepole. Kile kikazama, kisha kikarudi. Halafu akatoa tochi ndogo, akaiweka nyuma ya uvimbe, karibu na ngozi. Karakana ilikuwa na giza la madirisha yaliyofungwa.

"Unafanya nini?" fundi aliuliza.

"Kama lingekuwa busha, humu mngekuwa na maji. Mwanga ungepita, pangewaka pote kama taa iliyofunikwa kitambaa chekundu."

Wakatazama. Hapakuwaka. Mwanga wa tochi uliingia ukaishia humo humo. Muuguzi alinyamaza, na kunyamaza kwake kulimtisha fundi kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia katika chumba kile.

"Sema, bwana!"

"Hakuna upepo hapa. Wala maji. Nadhani ni damu, tena damu iliyo ndani ya mishipa yake. Mishipa midogo mingi iliyokua ikajisokota pamoja. Ndiyo maana ukilala inapungua, na ukisimama au ukijikaza kwa kupampu inajaa. Vile vidoa vya juu ni ncha zake. Jina la ugonjwa siwezi kulisema mimi. Uvimbe wa huku ni wa aina nyingi, na mwingine ni mbaya. Macho yangu na tochi havitoshi."

"Ningetoboa je?"

"Ungetoboa, damu isingetoka kwa matone. Ingemwagika. Uko peke yako, mlango umefunga, mama amelala, mvua inapiga bati. Ungeita, nani angekusikia?"

Fundi alifumba macho. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa. Mke alikuwa amesimama pale, amelowa, amemshika binti mkono. Aliona mumewe amelala chini, mkanda wenye damu sakafuni, na muuguzi ameshika tochi. Kwa haraka alimgeuza mtoto, akampeleka kwa jirani. Aliporudi alikuwa ameshaelewa. Mwanamke huyu hakuwa mjinga.

"Ni wewe," alisema. "Damu ni yako."

"Ni yangu."

"Nimetazama dari mpaka shingo imeuma! Nimechinja kuku wangu wawili nikidhani wana laana! Mtoto anaogopa kulala! Na wewe umeketi hapo unasema panya?"

"Niliona aibu."

"Aibu kwangu mimi? Mimi niliyekuzalia?" Akaanza kulia. Alilia kwa hasira, kisha kwa nafuu, kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine wala shetani. Kisha hofu mpya ikamwingia. "Atakufa, muuguzi?"

"Tukiwahi kupima, sioni kwa nini afe. Kwanza tuzuie hii damu." Alichukua kitambaa safi, akakibonyeza juu ya vidoa, akamwambia fundi asiinuke wala asifungue kuchungulia. "Hivi ndivyo mnavyofanya ikitoka tena. Kitambaa safi, bonyeza bila kuachia, alale, kisha aje kwetu. Msitie majivu, msitie majani, msifunge mpira. Na siku akipata maumivu makali ya ghafla ya korodani, asingoje kukuche. Aende hospitali saa hiyo hiyo."

"Mkanda huo umeutoa wapi?"

Wote wakageuka. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ameshika fremu. Hakuwa anamtazama mwanawe. Alikuwa anautazama mkanda.

"Nyuma ya mlango, mama. Wa baba."

"Baba yako aliuvaa," alisema Bibi. "Miaka. Aliniambia ni wa maumivu ya kiuno. Alikuwa haketi sawasawa, huketi upande mmoja, kama wewe sasa hivi. Nilikuona, mwanangu. Tangu mwanzo wa mwaka nakuona unaketi kama yeye, nikadhani ni macho yangu ya uzee yananirudishia marehemu."

Mvua ilizidi.

"Alipofariki, waliomwosha walitaka kuniambia kitu," aliendelea Bibi. "Nikakataa kusikia. Nikawaambia, mfunikeni. Na wewe ulizaliwa na alama ya buluu hapo hapo, ndogo kama tone la wino. Nilikuwa nikikuogesha naiona. Nikamwonesha baba yako. Akasema, funika mtoto, mambo ya wanaume hayo. Nikafunika."

Fundi aliutazama mkanda sakafuni. Alikumbuka jinsi ulivyomkaa. Akaomba shuka.

"Mama," muuguzi alisema kwa heshima, "hilo la alama ni neno kubwa. Daktari atalihitaji. Utakuja nasi ukamwambie mwenyewe?"

"Nitakuja," alisema Bibi. "Nimefunika vya kutosha."

Muuguzi aliwaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji aliyewapokea alikuwa mwanamke, mama wa makamo, miwani ameipandisha juu ya nywele. Fundi alipomwona alishika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili.

"Baba, nimeona mifuko hii mingi kuliko tairi ulizoona wewe," alisema daktari. "Panda kitandani."

Mke alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Bibi alieleza habari ya alama ya buluu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza imekua lini, inauma lini, inatoka damu mara ngapi. Kisha wakaingia chumba cha kipimo. Kilikuwa na giza, kioo kimoja tu kinawaka. Fundi alipakwa mafuta baridi mazito. Daktari akapitisha kifaa kidogo juu ya ngozi, na vivuli vya kijivu vikaanza kutembea kwenye kioo, vinafunguka na kufumba.

"Kaza tumbo kama unapampu gurudumu," alisema daktari, akafungua sauti ya mashine.

Fsss. Fsss.

Fundi alitaka kuruka. "Ndiyo hiyo! Sauti yenyewe ndiyo hiyo!"

"Tulia. Hiyo ni damu yako inapita kwenye mishipa. Mashine inaigeuza kuwa sauti."

"Niliisikia karakana, daktari. Naapa."

"Bila mashine mtu haisikii. Uliyosikia karakana ni hofu, nayo ina sauti kweli. Tazama hapa. Korodani zako ni mbili, zote nzima. Uvimbe haumo ndani yake. Umo kwenye ngozi na nyama za mfuko. Huu tunauita uvimbe wa mishipa ya damu. Mahali hapa hutokea mara chache sana, ndiyo maana hata wengine wetu huudhani busha, au ile hali ya kuvimba mishipa ya korodani. Wengi huzaliwa na dalili yake, kama ulivyozaliwa wewe."

"Ni saratani?" aliuliza mke.

"Hauelekei. Lakini mimi sisemi neno la mwisho. La mwisho litasemwa na maabara."

"Unaambukiza?"

"Hapana. Mlale kitanda kimoja kama kawaida, akishapona."

"Na baba yake je?" aliuliza Bibi. "Alikuwa na huu huu?"

Daktari alivua miwani kichwani akaishika mkononi. "Mama, aina hii kwa kawaida hairithiwi. Huenda marehemu alikuwa na ngiri. Huenda lilikuwa busha, au kitu kingine kabisa. Siwezi kujua. Hakuna aliyemtazama."



Kabla ya upasuaji, fundi aliingizwa kwenye mashine nyingine kubwa yenye sumaku, iliyogonga kama karakana ya mafundi kumi, ili ionekane uvimbe umezama mpaka wapi. Daktari aliwaeleza kwamba si kila mtu hupasuliwa. Uvimbe mdogo usiotoa damu wala kuuma unaweza kuachwa na kuangaliwa kila baada ya muda. Vidoa vya juu peke yake huweza kuchomwa kwa mwanga maalumu hospitali. Wapo wanaochomwa sindano ya dawa ya kuziba ile mishipa. Wa fundi ulikuwa mkubwa na unatoka damu, lakini haukuwa umezama mbali, kwa hiyo ungetolewa wote.

"Nitaziba mishipa inayouletea damu kwanza, kisha ndipo nikate," alisema daktari. "Nawe ungefanya hivyo, sivyo? Huwezi kufungua valvu kabla ya kujua upepo unatoka wapi."

"Sivyo kabisa tunavyofanya," alisema fundi, "lakini nimekuelewa."

Alipewa dawa ya usingizi. Alipozinduka, mke alikuwa ameketi kando ya kitanda, amemshika kidole gumba cha mguu kama mtu anayeogopa asitoroke. Korodani zote zilikuwapo. Kile hakikuwapo. Fundi alisikiliza kwa muda mrefu. Alisikia viatu kwenye ujia, na mgonjwa mmoja anakoroma. Basi.

Majibu ya maabara yalichelewa, na siku zile za kungoja zilikuwa ngumu kuliko kisu. Mke hakula vizuri. Hatimaye daktari aliwaita, akawaambia wakiwa bado hawajaketi: si saratani. Ni mishipa ya damu iliyokua isivyo, na imetolewa yote. Lakini fundi aendelee kurudi kuangaliwa, maana kikibaki kipande chake huweza kukua tena. Mke alishukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia.

Nyumbani fundi alipumzika kwa amri. Alivaa chupi ya kubana yenye kitambaa laini, aliyoelekezwa na daktari. Hakuchuchumaa, hakubeba, hakupanda baiskeli mpaka aliporuhusiwa. Muuguzi alikuja kusafisha kidonda, akiangalia kama kuna usaha au joto, na kila alipokuja tairi lake lilikuwa na pancha. Ilibidi azibe mwenyewe huku fundi akimkosoa kutoka kitandani.

"Hapo hujasugua."

"Nyamaza wewe, mgonjwa."

Habari za kuhama ziliisha. Mke alikifua kile kitambaa cheupe, akakitandika tena kwenye benchi la jikoni, akakitazama kila asubuhi bila kumwambia mtu. Kilibaki bila doa la damu mpaka kikawa cha manjano kwa vumbi na moshi. Siku moja akacheka peke yake, akakifua. Binti alianza tena kufanyia kazi za shule karakana, kwenye sakafu, karibu na kigoda. Baba yake alimweleza kwa maneno ya kitoto kwamba nyumba haikuumwa, aliyeumwa ni yeye, na alipaswa kusema.

Baadhi ya wateja walisikia, kwa kuwa mke hakuwa mtu wa kufungia maneno kabatini. Mmoja alikuja na pancha akakataa kuketi. "Nasimama tu," alisema, anaegemea mguu mmoja. Fundi aliweka pampu chini, akamtazama, akamwambia, "Kaka, hata mimi nilikuwa nasimama tu." Yule mtu alitazama barabarani kama kuna anayekuja. Kisha akasogea karibu akaanza kuongea kwa sauti ya chini, na fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwelekeza zahanati.

Mkanda ulikuwa bado upo. Mke alikuwa ameufua kwa maji ya moto na kuurudisha msumarini, kwa sababu hakujua afanye nini nao. Bibi alitaka uchomwe.

"Mpira mzuri huu, mama," alisema fundi. "Sasa hivi hawatengenezi hivi."

Akauteremsha. Akafumua mshono wa baba yake, uzi kwa uzi, maana ulikuwa mshono hodari. Kisha akachukua mkasi akaukata viraka, vidogo, vya mviringo. Bibi alivuta kiti akaketi karibu naye, akawa anavipanga katika kopo. Walifanya kazi hiyo alasiri nzima. Kilipobaki kipande cha mwisho, chenye alama ya pale palipokuwa pakifungwa kiunoni, Bibi hakukitia koponi. Alikishika kiganjani, akakilainisha kwa kidole gumba.

"Ungesema," alikiambia. "Ungesema tu, baba yao. Mimi ningekutazama."